Kimbunga Hakifiki Kwetu: Kweli, Nusu Kweli na Uzushi

Mwanzoni mwa Mei 2024 jina moja lilitawala simu za watu wa pwani kuanzia Mtwara hadi Tanga: Hidaya. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, TMA, ilikuwa inatoa taarifa mfululizo, boti za Dar es Salaam na Zanzibar zilisimamisha safari, na bado vijiweni na kwenye daladala watu walikuwa wanaulizana kama jambo lenyewe lina ukweli. Kimbunga, hapa kwetu? Hivyo si ni vya Msumbiji na Madagaska? Siwalaumu waliouliza. Mtu anaweza kuzaliwa Kilwa, akaoa, akapata wajukuu, asikione kimbunga hata kimoja. Tatizo ni majibu waliyopewa. Yalichanganya kweli na uzushi, na baadhi ya uzushi huo unaweza kumgharimu mtu maisha. Nimeyachukua yale yanayorudiwa mara nyingi zaidi ili niyapime.

"Pwani yetu haijawahi kupigwa na kimbunga."

Si kweli, na huu ndio uzushi unaozaa mwingine wote.

Tarehe 15 Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Unguja. Sultani wa Zanzibar, Seyyid Barghash bin Said, alikuwa hajatimiza miaka miwili tangu akalie kiti. Bandarini, merikebu zake ziliangamia pamoja na majahazi ya wafanyabiashara. Mashambani minazi iling'oka, na mikarafuu, ambayo ndiyo ilikuwa utajiri wa kisiwa, ikalala chini shamba baada ya shamba. Mkarafuu ni mti mrefu na matawi yake hukatika upesi. Ukiuangusha leo na kupanda mche kesho, utasubiri miaka sita hadi minane ndipo uanze kuchuma. Mwenye shamba aliyeamka asubuhi ile akiwa tajiri alijikuta ana shamba la visiki, madeni, na miaka mingi ya kungoja. Mashamba hayo yalikuwa yanalimwa na watumwa, na katika barua za mabalozi wa wakati ule ni hasara za mabwana zilizohesabiwa. Waliokuwa vibandani siku hiyo hawakupata mwandishi.

Pemba, mwendo wa kama kilometa 50 kaskazini, iliguswa kidogo tu. Miti yake ikabaki imesimama wakati bei ya karafuu inapanda, na wenye mitaji wakaelekeza macho huko. Udongo na mvua za Pemba vina mchango wao mkubwa, na kilimo kilikuwa kimeshaanza kuenea kabla ya hapo. Lakini leo tukitaja karafuu tunataja Pemba, na watu wengi wanaolijua hilo hawajui kwamba upepo wa siku moja ulichangia kuamua. Barghash naye aliagiza kutoka Uingereza meli mpya ya kufidia zilizopotea, ikaitwa Glasgow. Ndiyo hiyo hiyo iliyozamishwa na mizinga ya Waingereza mbele ya mji mnamo Agosti 1896, katika vita vilivyokwisha kabla ya saa moja kutimia.

Ikapita miaka 80. Aprili 1952 kimbunga kingine kikaingia Lindi, kikabomoa sehemu kubwa ya mji na kuua watu zaidi ya 30. Kisha ikapita miaka 72 mpaka Hidaya. Ziangalie nafasi hizo. Kila moja inatosha kuzika kizazi kizima kilichoona kwa macho yake. Aliyekuwa mtu mzima mwaka 1872 hakuwepo 1952 kuwaambia watu wa Lindi wafanye nini, na mtoto wa Lindi aliyekuwa na miaka kumi mwaka 1952 alikuwa mzee wa miaka 82 Hidaya ilipokuja. Hapo katikati vilikuwepo pia vilivyodhoofika kabla ya kufika, na huenda vipo vilivyopiga msitu mtupu bila kuandikwa popote, kwa kuwa setilaiti ya kwanza ya hali ya hewa ilirushwa mwaka 1960 tu. Kabla ya hapo, kimbunga kilichoingia kwenye rekodi ni kile kilichokuta mji.

"Madagaska ndiyo ngao yetu."

Nusu kweli, na nusu iliyobaki ni ya hatari. Chukua ramani. Ncha ya kaskazini ya Madagaska iko karibu na nyuzi 12 kusini mwa ikweta. Mtwara iko nyuzi 10 na kidogo, Dar es Salaam haifiki hata nyuzi 7. Maana yake ni kwamba kisiwa hicho hakiko mbele yetu. Kiko chini yetu. Mbele ya Mtwara na Lindi kuna bahari wazi, yenye visiwa vidogo vya Aldabra na Komoro tu.

Madagaska inatusaidia kwa namna nyingine. Vimbunga vingi vya Bahari ya Hindi huzaliwa mashariki, vikaelekea magharibi huku vikipinda taratibu kwenda kusini, na kwa sababu ya kupinda huko vingi huishia Madagaska au Msumbiji. Kile ambacho hakipindi mapema hupita kwenye uwazi ulio juu ya ncha ya kisiwa. Kenneth kilipita humo Aprili 2019. Kiliipitia Ngazidja ya Komoro, kisha tarehe 25 kikaingia Cabo Delgado, kilometa zisizofika 300 kusini mwa Mtwara, kikiwa miongoni mwa vimbunga vikali kabisa vilivyowahi kuingia Msumbiji. Watu wa Mtwara walikaa roho juu siku ile, na walikuwa na sababu. Desemba 2024 Chido nacho kikapita humo humo, kikaivunja Mayotte tarehe 14, na kesho yake kikawa Cabo Delgado. Ukisikia kwenye redio kwamba kimbunga kinaelekea Pemba, hakikisha kwanza ni Pemba ipi. Ule mji wa Msumbiji una jina moja na kisiwa chetu, na kila msimu watu wanahangaishana bure kwa hilo.

"Tuko karibu mno na ikweta."

Kwa Lamu na Mombasa, hii ni kweli kwa kiasi kikubwa. Kwa Mtwara, hapana. Kimbunga kinahitaji mambo mawili makubwa: bahari yenye joto la nyuzi 26 na nusu au zaidi hadi kina cha kutosha, na nguvu ya mzunguko wa dunia inayoupinda upepo mpaka uzunguke badala ya kujaza tu pale penye mgandamizo mdogo wa hewa. Joto tunalo. Nguvu ya pili ni sifuri kwenye ikweta na huongezeka kadiri unavyokwenda kusini au kaskazini. Ndani ya nyuzi tano kila upande vimbunga havizaliwi ila kwa nadra mno, na Mombasa iko nyuzi 4. Lakini kilichozaliwa mbali kinaweza kusafiri. Wiki chache baada ya Hidaya, kimbunga kingine, Ialy, kilipanda kaskazini baharini mpaka upepo na mawimbi yake yakaifikia pwani ya Kenya. Pwani ya Tanzania Bara inaanzia karibu na nyuzi 5 na kuishia mdomoni mwa Ruvuma, nyuzi 10 na nusu. Hatari haiko sawa pwani nzima: inaongezeka kadiri unavyoelekea kusini, na mikoa ya Lindi na Mtwara haipaswi kusomewa taarifa iliyoandikwa kwa ajili ya Tanga.

"Masika yakishakolea, msimu wa vimbunga umekwisha."

Kama ningeweza kufuta kauli moja tu kati ya hizi zote, ningefuta hii.

Kweli, kwenye vitabu msimu wa vimbunga wa kusini-magharibi mwa Bahari ya Hindi huanza katikati ya Novemba na kufungwa mwisho wa Aprili, na kilele chake ni Januari na Februari. Kilele hicho ni cha Madagaska, Mauritius na Réunion. Sasa zitazame tarehe zetu. Unguja, 15 Aprili. Lindi, Aprili. Kenneth, 25 Aprili. Jobo cha mwaka 2021, Aprili. Hidaya kilifika Mafia Jumamosi tarehe 4 Mei, siku nne baada ya msimu kufungwa kwenye kalenda. Ialy nacho, Mei.

Sababu ipo. Kuna ukanda wa mawingu na mvua unaolifuata jua. Januari ukanda huo uko mbali kusini, na vimbunga huchipuka pembeni mwake, huko huko mbali. Machi na Aprili jua linarudi kaskazini, ukanda unalifuata, na unapopita usawa wetu unatuletea masika. Kwa majuma machache hayo, mahali pa kuzaliwa vimbunga panakuwa karibu na latitudo zetu, bahari bado ina joto la kaskazi, na kusi haijashika sawasawa. Kusi ikishika, tofauti ya upepo kati ya chini na juu angani huvichana vimbunga kabla havijajijenga. Kwa hiyo mlango wetu ni mwembamba, nao unafunguka wakati Mauritius wanaanza kupumua.

Unafunguka pia wakati mbaya kuliko yote kwa ardhi. Aprili mito imejaa na udongo umeshiba. Mwaka 2024 Rufiji na Kibiti zilikuwa zimeshafurika kabla Hidaya hakijapata hata jina. Mvua ambayo Novemba ingenywewa na ardhi, Mei hiyo haikuwa na pa kwenda.

"Jobo ilionyesha kwamba wataalamu wanabahatisha."

Si kweli. Naelewa ilivyotokea. Aprili 2021 TMA ilitangaza kwamba Jobo kinaelekea pwani yetu, watu wakajiandaa, wengine wakafunga biashara, kisha kikaja upepo wa kawaida na manyunyu. Utani ulioenea mitandaoni baada ya hapo ulikuwa mkali, na walioandaa taarifa zile walistahili heshima kuliko walivyopewa.

Jobo kilikuwa kimbunga kidogo kwa umbo. Vimbunga vidogo hupata nguvu haraka na kuipoteza haraka vilevile. Hewa kavu ikikiingia au upepo wa juu ukikisukuma, kinaweza kumalizika ndani ya siku moja. Kilidhoofika baharini na mabaki yake ndiyo yaliyofika. Mtabiri anayekiona kikiwa na nguvu, siku tatu kutoka Dar es Salaam, jiji la mamilioni ya watu wasiowahi kukiona kimbunga, afanye nini? Anyamaze mpaka awe na uhakika wote? Uhakika wote unapatikana kikishapiga. Kituo cha Réunion, ambacho ndicho kimekabidhiwa na Shirika la Hali ya Hewa Duniani kazi ya kufuatilia vimbunga vya eneo letu, huchora njia inayotarajiwa pamoja na eneo pana la mashaka linalozidi kutanuka kadiri siku zinavyokwenda mbele. Taarifa inapofika kwa msomaji wa kawaida, eneo lile limeshageuka mstari mmoja, na mstari umeshageuka ahadi. Hapo sisi waandishi tuna kazi ya kufanya.

Na madhara ya utani ule yalikuwa ya kweli. Miaka mitatu baadaye, Hidaya ilipotangazwa, jibu la kwanza la watu wengi lilikuwa "kama Jobo tu". Safari hii hakikuwa kama Jobo. Baharini kilifikia kiwango cha kimbunga kamili, upepo wake ukivuka kilometa 119 kwa saa, jambo ambalo halijazoeleka karibu hivyo na pwani yetu. Kilipungua nguvu kilipokuwa kinakaribia na kuigusa Mafia, nasi tukapona na mengi.

"Kinachoua ni upepo."

Si kweli. Upepo hung'oa mabati na kuangusha miti, na huua pia, lakini muuaji mkubwa ni maji: ya mvua, ya mito, na ya bahari inayosukumwa nchi kavu. Machi 2023 Freddy, kimbunga kilichokaa muda mrefu kuliko vyote vilivyopimwa, kilikuwa kimeshapoteza ukali wake kilipofika Malawi, nchi isiyo na bahari. Huko Blantyre maporomoko ya udongo yaliyoletwa na mvua yake yaliua mamia ya watu. Upepo haukuwa tena habari kubwa.

Hidaya nayo ilituonyesha. Barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Lindi ilikatika maeneo ya Somanga, wilayani Kilwa, ambako maji yalichukua makalavati na tuta la barabara. Malori na mabasi yakapanga foleni pande zote mbili, abiria wakalala humo humo, na mikoa ya kusini ikabaki imekatwa na njia yake kuu kwa siku kadhaa. Kimbunga kilikuwa kimeshakwisha.

Kwa nini Kilwa ikaumia wakati Dar es Salaam, iliyo karibu na Mafia vilevile, ilisalimika zaidi? Kusini mwa ikweta kimbunga huzunguka kama mshale wa saa. Kikija kutoka mashariki, upande wake wa kusini upepo unatoka baharini kuingia nchi kavu, ukiwa umebeba mvua na kuyasukuma mawimbi ufukweni. Upande wa kaskazini upepo unatoka nchi kavu kwenda baharini. Jicho, yaani kitovu cha kimbunga, likiwa usawa wa Mafia, Kilwa na Lindi ziko upande mbaya, Dar es Salaam iko upande wenye nafuu. Ndiyo maana haitoshi kuuliza kimbunga kitatua wapi. Uliza wewe uko kusini au kaskazini ya hapo kitakapotua.

"Upepo ukitulia ghafla na mbingu zikafunguka, hatari imepita."

Si kweli kabisa. Huenda uko ndani ya jicho. Utulivu huo unaweza kudumu dakika chache au hata saa nzima, kisha upepo unarudi kwa nguvu ile ile ukitokea upande wa pili, na kuta zilizolegezwa upande mmoja zinasukumwa kutoka mwingine. Anayetoka kwenda kukusanya mabati yake wakati huo anakutwa uwanjani. Subiri tangazo.

"Fungua madirisha upepo upite, nyumba isilipuke."

Si kweli, na hii naisikia hata kwa mafundi. Nyumba haipasuki kwa sababu ya kufungwa. Upepo ukiingia ndani unalisukuma paa kutoka chini, wakati huo huo ule unaopita juu unalivuta kwenda juu. Nguvu mbili zikishirikiana, paa linaondoka, na ukuta wa tofali usio na paa wala mkanda wa zege hauna cha kuushikilia. Funga madirisha, funga milango, uviegemeze kwa ndani.

Paa ndilo nitakalolikazia. Nyumba nyingi za pwani zimeezekwa bati jembamba lililogongwa kwa misumari ya kawaida kwenye fito au mbao, na kenchi imekalishwa tu juu ya ukuta kwa uzito wake. Halafu kuna upenu mrefu, tunaoupenda kwa kivuli na kwa kuukinga ukuta usilowe. Upepo huanza hapo hapo kwenye upenu na kwenye pembe za paa. Tiba yake si ya mamilioni. Misumari ya bati yenye kofia au skrubu, ikaribiane zaidi pembezoni kuliko katikati. Kenchi ifungwe kwa mkanda wa chuma au waya mnene unaoshuka hadi ndani ya ukuta. Upenu upunguzwe au utenganishwe na paa kuu, ili ukichukuliwa uende peke yake. Fundi anaweza kuifanya kazi hiyo kwa siku chache, kiangazi, bila kusubiri jina la kimbunga litajwe. Kwa nyumba ya udongo na makuti ushauri wangu ni mmoja: siku ya tahadhari usiilinde, ihame, uende shuleni au msikitini, penye jengo imara mahali pa juu.

"El Niño ndiyo kimbunga."

Si kweli. El Niño ni kupanda kwa joto la Bahari ya Pasifiki karibu na ikweta, hali inayodumu miezi na ambayo mara nyingi hutuzidishia mvua za vuli. Kimbunga ni mfumo mmoja wa dhoruba wenye jicho, jina na siku zake. Mafuriko ya 1997 na 1998 ambayo watu wengi wanayakumbuka hayakuletwa na kimbunga.

"Haya yote ni mabadiliko ya tabianchi, zamani hayakuwepo."

Nusu kweli. Tumeshaona mwaka 1872. Na hakuna ushahidi thabiti kwamba idadi ya vimbunga duniani inaongezeka. Kinachobadilika ni vingine: sehemu ya vimbunga inayofikia ukali wa juu inakua, bahari imepanda kwa hiyo mawimbi yanaanzia juu zaidi, na hewa ikiongezeka joto kwa nyuzi moja hubeba mvuke zaidi kwa takriban asilimia 7, ambao hurudi kama mvua. Bahari ya Hindi inapata joto haraka. Jirani zetu wa kaskazini wameshayaona yasiyozoeleka: Sagar kule Somaliland Mei 2018, Gati huko Somalia Novemba 2020. Na wale wenye jamaa Maskati wanakumbuka Gonu ya Juni 2007, kisha Shaheen, Oktoba 2021, iliyoingia pwani ya Batina kutokea upande ambao wazee wa huko hawakuutazamia kabisa. Yote mawili ni kweli kwa pamoja: vimbunga vilikuwepo, na vinavyokuja vinakuta bahari tofauti.

"Mvuvi hahitaji redio, bahari anaisoma mwenyewe."

Nusu kweli, na naisema kwa heshima. Mawimbi marefu yanayotoka mbali hutangulia kimbunga kwa siku moja au mbili, na nahodha mzoefu anayahisi chini ya ngalawa yake kabla hajaliona wingu. Lakini mawimbi hayamwambii kama dhoruba inakuja kwake au inapita mbali, wala itafika lini. Taarifa za TMA zinaangalia siku tano mbele, kwa ngazi tatu: angalizo, tahadhari, na tahadhari kubwa. Kwa mvuvi, kazi ni ya kwenye angalizo: kurudi, kuivuta ngalawa juu ya mstari wa maji makuu, kuifunga kwenye mti hai, na injini kuipeleka nyumbani. Mashua isiyovutika ipelekwe ndani ya mlango wa mto wenye mikoko. Delta ya Rufiji ndiyo yenye mikoko mingi kuliko sehemu yoyote nchini, na miti hiyo huyavunja mawimbi hata pale isipoweza kuyazuia maji yenyewe kupanda. Ikishatangazwa tahadhari kubwa, muda wa kuitafuta mashua umekwisha. Hapo ni watu tu.